Nauli ya mwaka 1955 na mabilioni ya Kagoda

Mtaa wa Lumumba unaanzia uswahilini na kuishia mjini, huku kushoto kukiwa Kariakoo yenye maduka ya jumla na kulia viwanja vya Mnazi Mmoja. Zamani uliitwa New Street. Wanachama wa African Association walijenga hapo ofisi yao kwa kujitolea, wengine wakibeba mawe na mchanga siku za mapumziko baada ya kazi za kutwa bandarini na maofisini. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho, ambacho wakati huo kiliitwa TAA, kiligeuzwa kuwa TANU katika ofisi hiyo hiyo. Leo pamesimama Ofisi Ndogo ya Makao Makuu ya CCM, mrithi wa TANU, ambayo watu wa Dar es Salaam huiita kwa kifupi "Lumumba". Mtu akisema "Lumumba wamekataa" au "Lumumba wameamua", hakuna anayeuliza ni Lumumba gani.

Naanza na mtaa huu kwa sababu mjadala wa fedha za vyama vya siasa nchini mwetu huzungumzwa kana kwamba ni jambo la Dodoma, la wabunge na wakaguzi wa hesabu. Mzizi wake uko hapa Mnazi Mmoja. Chama kilichozaliwa hapa kilikuwa hakina kitu. Hakikuwa na gari wala posho, na hata kadi za kwanza za uanachama, kwa mujibu wa mwanahistoria Mohamed Said, zilichapwa kwa fedha kutoka mfukoni mwa Ally Sykes. Mapema mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere alipotakiwa kwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, nauli haikuwepo. Mweka hazina Iddi Faiz Mafongo alihangaika kukusanya michango, na John Rupia, mmoja wa Waafrika wachache wa mji huu waliokuwa na uwezo wakati ule, akatoa sehemu kubwa ya fedha. Machi 1955 Mwalimu akasimama New York na kuwaeleza walimwengu kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika.

Nyuma yao walikuwapo wanawake wa Bibi Titi Mohamed, ambaye jina lake limepewa barabara inayopita kandokando ya viwanja hivi. Walikuwa wapika maandazi, wauza togwa na pombe za kienyeji, na wana-lelemama wa vikundi vya ngoma. Waliingia TANU kwa maelfu na kulipa ada kwa senti walizozitoa kwenye pindo la khanga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sisemi kwamba siku zile hapakuwa na tajiri. Rupia alikuwa tajiri, na hakuna chama duniani kilichokua bila mtu mwenye uwezo kukiunga mkono. Ninachokisema ni hiki: miaka sabini imepita na jina la aliyetoa nauli ya Mwalimu tunalijua. Watoto wake wanalijua, wanahistoria wameliandika, na wazee wa Gerezani na Kariakoo wamelisimulia. Mchango ule ulikuwa mkubwa, na ulikuwa wa wazi.

Sasa twende miaka hamsini mbele.

Tarehe 29 Septemba 2005 ilisajiliwa Dar es Salaam kampuni iliyoitwa Kagoda Agriculture Limited. Nchi ilikuwa katikati ya kampeni. CCM ilikuwa na mgombea mpya, Jakaya Kikwete, na kaulimbiu ya "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya" ilikuwa imebandikwa kila ukuta. Uchaguzi uliopangwa kufanyika Oktoba 30 uliahirishwa hadi Desemba 14 baada ya mgombea mwenza wa chama cha upinzani cha Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, kufariki dunia siku chache kabla ya kupiga kura. Katika miezi hiyo hiyo, Kagoda, kampuni ya wiki chache isiyo na shamba wala trekta linalojulikana, ililipwa na Benki Kuu ya Tanzania zaidi ya dola milioni 30, takriban shilingi bilioni 40 za wakati ule.

Fedha hizo zilitoka katika Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA. Ni vyema msomaji aielewe akaunti hii, maana ina uhusiano na Kariakoo kuliko anavyodhani. Miaka ya sabini na themanini, nchi ilipokaukiwa na fedha za kigeni, mfanyabiashara aliyeagiza vipuri, nguo au dawa kutoka nje alipeleka shilingi zake Benki ya Taifa ya Biashara. Benki ilitakiwa imlipe muuzaji wa nje kwa dola. Dola hazikuwepo. Shilingi zikabaki, madeni yakarundikana, na baadaye mzigo wote ukahamishiwa Benki Kuu. Wako wauzaji wa nje waliokata tamaa, wako waliofunga biashara na wako waliosamehe. Deni likabaki kwenye vitabu likiwa halina mwenyewe wa karibu wa kulifuatilia. Hapo ndipo wajanja walipoona mwanya: unatengeneza hati inayosema kwamba kampuni fulani ya nje imekukabidhi haki ya kulipwa deni lake, unakwenda Benki Kuu, unalipwa.

Mkaguzi wa nje wa Benki Kuu, Deloitte & Touche, ndiye aliyeshtuka kwanza alipokagua hesabu za mwaka 2005/06. Akataka maelezo. Septemba 2006 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Zakia Meghji, alimwandikia mkaguzi barua akieleza kwamba malipo ya Kagoda yalikuwa kwa ajili ya matumizi nyeti ya serikali. Siku chache baadaye akaandika barua nyingine kuifuta ile ya kwanza, akisema alipotoshwa na Gavana wa Benki Kuu. Nimeifikiria sana barua hiyo ya kwanza. Waziri wa nchi huru alifikishwa mahali pa kuweka saini kwamba malipo kwa kampuni ya kilimo iliyozaliwa jana yake ni siri ya dola. Ilipofutwa, hakuna aliyekuja kutueleza hayo matumizi nyeti yalikuwa yapi. Mkaguzi mwenyewe mkataba wake ukakatishwa, akaletwa Ernst & Young.

Umma ulikuja kulisikia jambo hili mchana kweupe tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, pale Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema na mbunge wa Karatu, aliposoma majina kumi na moja aliyoyaita orodha ya mafisadi. Waliotajwa walikanusha, na baadhi walitishia kwenda mahakamani. Lakini neno "EPA" likaingia vijiweni. Ukipita Mtaa wa Kongo au Mkunguni wakati ule, uliwasikia wauza viatu wakibishana kuhusu hawala ya madeni kama watu waliosomea benki.

Januari 2008 Ikulu ikatoa matokeo ya ukaguzi. Kampuni 22 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa mwaka mmoja wa fedha. Kati ya hizo, zaidi ya bilioni 90 zilikwenda kwa kampuni 13 zilizotumia hati za kughushi, na bilioni 42 na ushei zilikwenda kwa kampuni tisa ambazo nyaraka zake hazikutosheleza hata kujua kama zilistahili. Gavana Daudi Ballali, aliyekuwa Marekani kwa matibabu, akatenguliwa. Mei mwaka huo akafariki huko huko Marekani, akaondoka na aliyoyajua.

Dai kwamba fedha za Kagoda zilitumika kuendesha kampeni za 2005 lilitolewa bungeni, magazetini na mikutanoni kwa miaka mingi. CCM ililikanusha. Rostam Aziz, aliyekuwa mweka hazina wa chama hicho, alihusishwa na kampuni hiyo mara nyingi na mara zote amekana, wala hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Sina ushahidi wa kusema zaidi ya hapo na sitasema. Ila naishikilia hoja moja ambayo haihitaji ushahidi wa siri: katika msimu wa uchaguzi wa gharama kubwa, bilioni 40 zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni ya wiki chache, na hadi leo taifa halijaambiwa zilikwenda wapi. Kama chama kilikuwa safi, kilikuwa na kila sababu ya kufungua vitabu vyake vya mwaka ule na kusema: haya hapa mapato yetu, huyu alitoa hiki, yule alitoa kile. Hakikufanya hivyo. Hakuna aliyekilazimisha.

Rais Kikwete aliunda kikosi kazi cha watu watatu wazito, Mwanasheria Mkuu Johnson Mwanyika, Mkuu wa Jeshi la Polisi Said Mwema na Mkurugenzi wa taasisi ya kupambana na rushwa, Takukuru, Edward Hoseah, akawapa miezi sita. Agosti 21, 2008 alilihutubia Bunge akaeleza kwamba zaidi ya shilingi bilioni 50 zilikuwa zimerejeshwa, na waliobaki akawapa hadi Oktoba 31 kurudisha, la sivyo wafikishwe mahakamani. Ziko sababu za kiserikali za kuamua hivyo, kwanza fedha zirudi. Lakini hapa Kariakoo kauli ile ilipokelewa kwa uchungu mkubwa. Kijana akikamatwa na simu ya wizi sokoni anapigwa, na akiponea chupuchupu anafungwa. Hapewi tarehe ya kuirudisha. Watu walisema hivyo kwa sauti, kwenye daladala na kwenye mabenchi ya kahawa, na walikuwa na haki ya kusema.

Novemba 2008 washtakiwa wa kwanza wakapandishwa kizimbani Mahakama ya Kisutu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Mei 2011 wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mmoja wao, Rajabu Maranda, aliwahi kuwa mweka hazina wa CCM mkoani Kigoma. Zilifuata kesi nyingine, zingine zikaenda na zingine zikafa. Kwa ajili ya Kagoda, iliyochota fungu kubwa kuliko wote, hakufungwa mtu, na wala hakushtakiwa mtu.

Tunapozungumzia madhara ya kashfa za namna hii tunakimbilia kutaja shule ambazo zingejengwa na dawa ambazo zingenunuliwa. Ni kweli, na ni hasara kubwa. Lakini kwa maoni yangu hasara iliyodumu zaidi ni ile iliyowapata watu vichwani mwao. Kizazi kizima cha wapiga kura kilijifunza kwamba siasa ni fedha, na fedha ina wenyewe. Mgombea akija na fulana, kapelo na doti za khanga, haulizwi amezipata wapi. Anaulizwa mbona kidogo. "Mkono mtupu haulambwi" ikawa hoja ya kisiasa.

Serikali nayo ilichangia kulea fikra hiyo. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kama mila zinavyotaka. Nani angepima nia njema ndani ya pakiti ya sukari inayogawiwa siku tatu kabla ya kura? Mashirika matatu ya wanaharakati, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA, yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 24, 2006 majaji watatu, Kimaro, Massati na Mihayo, wakavifuta vifungu vile kwa kuwa vilikuwa vinambagua mgombea asiye na kitu na kufungua mlango wa rushwa. Ni moja ya hukumu bora kabisa zilizowahi kutolewa katika nchi hii kuhusu uchaguzi. Mpaka inatolewa, chaguzi kuu mbili, za 2000 na 2005, zilikwishafanyika chini ya takrima.

Wenzetu wa Kenya walitangulia kuonja. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, kundi la vijana wa chama tawala cha KANU lililoitwa YK'92 lilimwaga fedha nchi nzima. Noti ya shilingi mia tano ilienea kiasi kwamba wananchi waliipa jina la kiongozi wa kundi hilo, wakaiita "Jirongo". Wakati huo huo hazina ya nchi ilikuwa ikivuja kupitia Goldenberg, kampuni iliyolipwa fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambayo Kenya haikuwa nayo. KANU ikashinda. Bili ikaja mwaka uliofuata: shilingi ikaporomoka, mfumuko wa bei ukapita asilimia 40, na mama wa Gikomba na Kongowea asiyejua Goldenberg ni mnyama gani akaanza kununua unga kwa bei isiyoshikika. Tume ya Jaji Bosire ilikuja kuchimba yote hayo muongo mmoja baadaye. Hakuna kigogo wa siasa aliyefungwa kwa Goldenberg.

Wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Helmut Kohl, aliyeiunganisha Ujerumani, alikiri mwishoni mwa 1999 kwamba alikipokelea chama chake, CDU, michango ya siri ya zaidi ya mark milioni moja, akakataa kuwataja waliotoa akisema aliwapa neno lake. Tofauti ni kilichofuata. Katibu mkuu wa chama chake mwenyewe, Angela Merkel, aliandika gazetini kwamba chama kijifunze kutembea bila yeye. Januari 2000 Kohl akapoteza uenyekiti wa heshima, baadaye akalipa mark laki tatu ili upelelezi dhidi yake ufungwe. Aliyemnyooshea kidole alitoka ndani ya nyumba yake, na hakufukuzwa. Alikuja kuwa kansela.

Hapa kwetu aliyenyoosha kidole, Dk. Slaa, yaliyomkuta ni mengine. Mwaka 2015 chama chake kilimpokea Edward Lowassa, mmoja wa waliokuwa kwenye orodha ya Mwembe Yanga, kikampa bendera ya kugombea urais. Lowassa, ambaye sasa ni marehemu, alikana tuhuma zake siku zote na hakuwahi kushtakiwa. Lakini Slaa aliona amekatwa mguu, na Septemba mosi mwaka huo akatangaza kuachana na siasa za vyama. Yako maelezo mengi ya uamuzi ule wa Chadema, na baadhi yana mantiki ya kisiasa. Kwa mwananchi aliyesimama juani Temeke mwaka 2007, hata hivyo, somo lilikuwa moja: hata wale walionihubiria usafi, uchaguzi ukifika wanahesabu vingine.

Baada ya EPA zilikuja juhudi. Bunge lilipitisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya 2010, na Rais Kikwete akaisaini Machi mwaka huo kwa hafla ya wazi. Sheria inaweka ukomo wa matumizi, inataka vyama na wagombea wataje michango mikubwa wanayopokea, na inataka taarifa ya gharama iwasilishwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa baada ya uchaguzi. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Udhaifu wake ni kwamba inamalizia safari kwa Msajili. Taarifa zinawasilishwa ofisini, na ofisini zinakaa. Sijawahi kufungua gazeti nikakuta orodha kamili ya waliokichangia chama chochote, kiwe tawala au cha upinzani, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi.

Hata fedha ya umma tunayovipa vyama kama ruzuku tumekuwa tukiigawa gizani. Oktoba 2013 Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, Zitto Kabwe, alifichua kwamba vyama tisa vilikuwa vimepokea shilingi bilioni 67.7 tangu 2009 bila hesabu zao kukaguliwa kama sheria inavyotaka. Zaidi ya bilioni 50 kati ya hizo zilikuwa za CCM, na Chadema ilichukua zaidi ya bilioni 9. Zitto alikuwa mbunge wa Chadema, akakitaja na chama chake. Sheria haikuwa inasubiri kutungwa. Ilikuwapo, na wote walikuwa wakiivunja pamoja, watawala na wapinzani, bila kelele.

Na ruzuku ina kisa chake kingine. Mwaka 2017 chama cha upinzani cha CUF kilipokuwa kimegawanyika, shilingi zaidi ya milioni 369 za ruzuku zilitoka na kuangukia upande wa Profesa Lipumba, na upande wa Maalim Seif ukaenda mahakamani. Mwaka 2025 Chadema nayo ilizuiliwa ruzuku na Msajili kutokana na mvutano kuhusu uteuzi wa viongozi wake wa sekretarieti. Chama kinachoishi kwa ruzuku kinaweza kunyongwa na anayeitoa. Chama kinachoishi kwa matajiri wachache kinaweza kuamrishwa nao. Chama kinachoishi kwa ada za wanachama wake ndicho peke yake kinachoogopa wanachama wake, na hapa kwetu vyama vya namna hiyo vimebaki katika simulizi za New Street.

Mwaka 2025 tuliona njia mbili zikitembea sambamba. Chadema ilianzisha "Tone Tone", wanachama na wapenzi wakituma kidogo kidogo kwa simu zao. CCM ikafanya harambee Mlimani City mwezi Agosti, na katika usiku mmoja zikapatikana takriban shilingi bilioni 86, taslimu na ahadi. Baadhi ya wachangiaji walitajwa hadharani, kamera zikiwaka. Nakubali kwa moyo mweupe kwamba kutaja jina ukumbini ni hatua mbele ukilinganisha na mwaka 2005. Ila kutaja baadhi ukumbini hakutoshi. Mfanyabiashara anayetoa mamilioni mia kadhaa kwa chama kinachounda serikali ana leseni anazozitaka, ana zabuni anazoziombea, ana kodi anazobishania. Mwananchi ana haki ya kuweka jina la mchangiaji upande mmoja na orodha ya zabuni za serikali upande wa pili, akalinganisha mwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la kampeni hulipwa kwa mali ya umma.

Wanaobeba gharama hiyo wako hapa hapa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Soko linalolisha nchi na jirani zake, kuanzia Lubumbashi hadi Lilongwe, likawa kimya. Walilalamikia kamatakamata ya watu wa kodi, faini zisizotabirika, usajili wa stoo na kudaiwa rushwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja akakutana nao Mei 17 katika viwanja vya Mnazi Mmoja, wakazungumza kwa saa nyingi. Waliosimama kwenye maikrofoni walikuwa watu wa kawaida: wauza vitenge wa jumla, mawakala wa mizigo, mama mwenye fremu moja. Walieleza kwa ufasaha, wengine kwa machozi. Majaliwa aliwasikiliza, na kamati ikaundwa. Juni 2024 maduka yakafungwa tena kwa malalamiko yaliyofanana.

Hawa ndio wanaopaswa kufunga maduka na kupoteza mauzo ya siku kadhaa ili wasikilizwe. Mchangiaji mkubwa wa chama hafungi duka. Anapiga simu. Huo ndio upande wa kashfa za fedha za vyama usioandikwa kwenye ripoti za ukaguzi, na unaniuma kuliko hesabu za bilioni: foleni ya kusikilizwa inapangwa kwa ukubwa wa bahasha. Mwenye fremu Mtaa wa Narung'ombe analipa kodi ya mapato, kodi ya pango na ushuru wa huduma, na bado kwenye kupanga sera yuko nyuma ya mtu ambaye hata jina lake halijui.

Hata mataifa ya nje yanayotuchangia bajeti hutuadhibu kwa pamoja. Mwaka 2014, sakata la kuchotwa kwa mabilioni ya Akaunti ya Escrow ya Tegeta lilipoibuliwa bungeni, wahisani walizuia kiasi cha dola milioni 490 za msaada wa bajeti. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema na Waziri wa Nishati Sospeter Muhongo walijiuzulu, na Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka akaondolewa. Waliokosa dawa kwenye zahanati kwa sababu bajeti ilichelewa hawakuwa na akaunti popote.

Yanayotakiwa si mengi, na wala hayahitaji katiba mpya ili yaanze. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ifanyiwe marekebisho ili Msajili alazimike kuchapisha, ndani ya muda maalumu, kila mchango uliozidi kiwango kilichowekwa: jina, kiasi, tarehe. Ichapishwe kwa Kiswahili, magazetini na mtandaoni, kwa vyama vyote bila ubaguzi. Hesabu zilizokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zibandikwe kwenye ofisi za vyama, Lumumba wakianza. Kampuni yenye zabuni ya serikali izuiwe kuchangia chama. Na chombo cha kusimamia haya kisiwe chini ya mtu aliyeteuliwa na mwenyekiti wa chama kimojawapo.

Nawe msomaji una sehemu yako, na haingoji Bunge. Mgombea wa udiwani au ubunge akifika mtaani kwako na gari la matangazo, fulana na khanga, muulize mbele ya watu nani amezilipia. Muulize kama ameipeleka kwa Msajili taarifa ya gharama za uchaguzi uliopita, na umwombe nakala. Kama wewe ni mwanachama wa chama chochote, lipa ada yako, chukua risiti, kisha kwenye mkutano wa tawi simama udai kusomewa mapato na matumizi kabla ya ajenda nyingine yoyote. Wakikwambia hilo ni suala la ngazi za juu, waambie Mwalimu alisafiri kwa michango ya watu, na waliochanga wanajulikana.

Na Ikulu, Takukuru na Mkurugenzi wa Mashtaka bado wanadaiwa jibu moja. Kagoda ni ya nani?